Mikono Iliyokandika Nyumba Yetu

Nyumba tuliyopanga Kariakoo ilikuwa mbaya, na mimi niliyeipenda siwezi kusema vinginevyo. Paa lilikuwa la mabati yaliyozibwazibwa kwa vipande vya madebe. Ukuta wa mbele ulikuwa umefura kuelekea barabarani, na mvua ikinyesha kila mpangaji alijua aweke sufuria wapi. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zilivyokuwa nyingi siku zile: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, kisha uani kwenye jiko, choo na mpapai mmoja usiozaa. Mimi na mume wangu tulikaa chumba cha mwisho upande wa kulia. Yeye alikuwa mtu wa bandarini. Mimi nilikuwa opereta wa simu Posta, zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi nilikuwa nyumbani na mwenye nyumba.

Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kizaramo aliyezaliwa humo humo ndani, mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya kupita kuta. Aliniita Mchagga wangu. Akinikuta nachemsha ndizi anasimama mlangoni mwa jiko na kuuliza kama leo tena tunakula kamba za mgomba. Nami nilimjibu kwamba wa kwetu wanakula ndizi na kupanda mlima, wa kwao wanakula wali na kupanda kitandani. Utani huo ulitupeleka vizuri. Nilikuwa mgeni mjini, na sikuwa na mtu mwingine wa kunitania.

Jambo moja nililigundua nikikaa naye uani. Akijua kuna mtu anamtazama, kila kitu alifanya kwa mkono wa kulia, polepole, kama anayekumbuka alivyofundishwa. Akidhani yuko peke yake, kisu kilihamia kushoto na vitunguu vikakatika haraka ajabu. Siku niliyomwambia nimemwona, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Wamenichapa huu mkono, mwanangu, mpaka ukajifunza kujificha," aliniambia. "Shangazi alikuwa ananifunga kitambaa nikila. Kila akinifunga anasema, umechukua kwa mama yako, naye alikuwa hivi hivi."

Ilikuwa miaka ya foleni. Ukiona watu wamepanga mstari unasimama kwanza, kinachouzwa unauliza baadaye. Sukari ilikuwa ya kupigania, sabuni ya kubahatisha, na saruji hata usiiote. Mtoto wa bibi, mwanamume wa makamo, dereva wa lori, alikuwa amezungushwa na maofisa muda mrefu akitafuta kibali cha saruji, mpaka watu wa mtaani wakaacha kumuuliza. Siku mifuko ilipoletwa hatimaye, ilipangwa chumba cha mbele upande wa kulia, juu ya mbao, ikafunikwa turubai, na watu wakawa wanakuja kuitazama. Nimeona maharusi waliotazamwa kidogo kuliko saruji ile.

Lakini saruji haikai. Masika yalikuwa yanakaribia, na fundi, mtu wa Lindi aliyeongea kidogo na kuvuta sigara sana, alisema wazi kwamba unyevu ukishaingia kwenye ile mifuko tutakuwa tumehifadhi mawe. Wakakubaliana nyumba ivunjwe nusu nusu. Vyumba vya kushoto vingeanza, vijengwe kwa matofali, halafu vya kulia vifuate. Wapangaji wa kushoto wakahamia kwa ndugu zao. Kilichosubiriwa kilikuwa mchanga tu, na mchanga ulikuwa umeahidiwa na dereva mwenzake wakati wowote.

Hapo ndipo bibi alipokaa katikati ya mlango wa chumba chake, chumba cha nyuma upande wa kushoto, akatangaza kwamba hakuna atakayevunja.

"Mpaka nimwone mama yangu," alisema.

Mwanawe alinitazama kwa aibu. Mimi, kwa kweli, nilikasirika. Nilikuwa nimechoka na sufuria sakafuni. Nilikuwa nangojea kwa hamu chumba kisichovuja, na sasa bibi niliyemwona mwenye akili kuliko wote humo ndani ananiletea mizimu. Nilimwambia mwanawe pembeni kwamba labda uzee umeanza. Alitikisa kichwa.

"Si uzee, dada. Amelisema hilo tangu mimi mdogo. Muulize mwenyewe."

Nikamuuliza. Alikuwa amekaa pale pale mlangoni, miguu ameinyoosha, na alinieleza bila kuinua sauti, jambo lisilo la kawaida yake.

Mama yake alifariki yeye hajaota hata jino. Picha hakuna, nani angempiga picha enzi hizo? Nguo ziligawanywa. Kaburi lilikuwepo, lakini mji ulipokua barabara ilipita juu ya makaburi yale na maduka yakajengwa, na hakuna aliyebaki anayeweza kumwonyesha ni wapi hasa. Shangazi aliyemlea alikuwa mtu wa maneno machache. Kuhusu mama yake alimwachia mawili tu: kwamba mkono wa kushoto ni wake, na kwamba chumba hiki alikikandika yeye.

Lazima nieleze kukandika, maana vijana wa leo wanaiona nyumba ikija kwenye lori. Nyumba zile zilisimamishwa kwa miti, na fito zikafungwa kwa kamba, mtu ukisimama nje unaona ndani kama tenga. Kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Udongo ulikuwa wa wanawake. Mtaani mwetu kila chama cha ngoma cha kinamama kilikuwa na desturi ya kwenda kumkandikia mwenzao, na vyama viligombea vyumba, kila kimoja kitoe ukuta ulionyooka kuliko wa wenzao. Wanakuja asubuhi wamevaa sare. Wasichana wanachota maji, wengine wanakanyaga udongo kwa miguu, wengine wanakandika, na nyimbo za kukejeli chama cha chumba cha pili hazikatiki mpaka wali uive. Mkandikaji hubeba tonge kwenye kiganja cha kushoto na kulibandika kwa kiganja cha kulia. Akimaliza kulibandika haulainishi udongo ule wa kwanza. Anaugandamiza kwa kiganja na kuuacha na alama zake, ili chokaa itakayokuja juu ipate pa kushika.

"Kwa hiyo yumo," bibi alisema, akigonga ukuta nyuma yake kwa kisigino cha mkono. "Juu wameweka chokaa, juu ya chokaa wakapiga lipu ya saruji, juu ya saruji rangi. Lakini yumo."

Hasira yangu iliondoka hapo hapo. Kwetu mlimani wafu wanalala migombani, karibu na mlango. Bibi yangu mzaa baba nalijua kaburi lake, na ndizi zake nazijua. Sijawahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuwa na mama asiye na mahali. Nilikaa chini kando yake na nilikuwa na huzuni kweli, na sikupata la kumtania.

Mwanawe alikubali. Alisema fundi amenye ukuta wa chumba kile taratibu, lakini mchanga ukifika, basi. Bibi akasema sawa, ukifika basi.

Fundi alianza asubuhi iliyofuata kwa tindo na nyundo ndogo. Lipu ilitoka vipande vipande. Chini yake kulikuwa na chokaa ya bluu, chini ya bluu chokaa nyeupe iliyogeuka njano, na ile nyeupe ilipoanza kubanduka fundi alishusha nyundo. Alichukua ufagio wa chelewa akafagia ukuta kwa upole. Kisha akavua kofia.

Ukuta mzima ulikuwa mikono.

Sijui niliandikeje hili. Nilikuwa nimelala nyumba hiyo, nimepika, nimegombana na mume wangu mle ndani, na muda wote nilikuwa nimezungukwa na viganja vya wanawake. Vilianza chini vikapanda mpaka mahali ambapo mtu angehitaji kusimama juu ya kinu. Viganja vipana, viganja vyembamba, kimoja chenye alama ya pete kwenye kidole cha kati. Mahali fulani mtu mmoja alichoka na kazi akachoma udongo kwa ncha ya kidole, vitundu mviringo kama pambo la mkate. Katika kiganja kimoja uliweza kuona mistari ya ngozi, ile ambayo wapiga ramli wanaisoma. Aliyekiacha pale huenda jioni ile alikwenda kwake akanawa, akala, akasahau. Nilijikuta nimeficha mikono yangu ndani ya khanga, sijui kwa nini.

Habari zilitoka nje kabla hatujatoka sisi. Watu waliingia, wauza nguo wa jirani, wanawake waliotoka sokoni na vikapu, Muislamu, Mkristo, Mwarabu wa duka la kona. Waliingia na kelele za Kariakoo, na wakishavuka kizingiti kelele zinakatika. Hakuna aliyewaambia wanyamaze. Mwanamke mmoja alinong'ona, "Hawa wote walikuwepo?"

Bibi hakuwa anashangaa. Alikuwa anatafuta. Alianzia kwenye kona ya mlango, kwa urefu wa bega, akiweka kiganja chake cha kushoto katika kimoja baada ya kingine, mbele ya watu wote bila kukificha. Nikaelewa mara moja anachotafuta. Ukiweka mkono wa kulia ukutani, kidole gumba kinaelekea kushoto. Ukiweka wa kushoto kinaelekea kulia. Viganja vyote vilikuwa na gumba upande mmoja, na gumba la bibi kila mara lilikuwa linaangukia upande usio na shimo.

Alimaliza ukuta wa kwanza. Fundi akamenya wa pili, bibi akaumaliza. Wa tatu, uliokuwa wa dirisha, ulikuwa na viganja vichache na vyote vya kulia. Wa nne ulikuwa umeliwa na mchwa karibu wote. Jioni ilipofika alikaa sakafuni katikati ya vumbi la chokaa, mweupe mpaka kwenye kope, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee.

"Shangazi alinidanganya ili ninyamaze," alisema.

Sikuamini, lakini sikuwa na ushahidi. Nikamuuliza kama katika chama kile amebaki mtu yeyote. Alifikiri kwanza. Alisema yupo mmoja Buguruni, alikuwa msichana wa kuchota maji siku ile, na sasa haoni na ana ulimi mbaya. Kama ulimi mbaya ndio uliobaki, nikamwambia, twende tukausikilize.

Tulikwenda kesho yake asubuhi kwa basi. Tulimkuta kikongwe amelala kwenye kitanda cha kamba chini ya upenu, mdogo, amevikwa khanga mbili, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama tumemletea tambuu. Hatukuwa tumemletea. Akasema basi turudi tulikotoka. Ilibidi nitoke nje kutafuta, na niliporudi akaipapasa, akaitia mdomoni, akanisikiliza nikijieleza, akamwambia bibi, "Huyu mbona anaongea Kiswahili kama anahesabu ng'ombe?" Bibi alicheka. Nami nilicheka, kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Kisha bibi akamuuliza kuhusu siku ya kukandika.

"Mama yako," kikongwe alisema, akatafuna. "Mama yako alitutia aibu. Tumeambiwa tukandike haraka tuwashinde wale wa chumba cha mbele, yeye anakuja na tumbo lake, wewe umo ndani, miguu imevimba kama mihogo. Tunamwambia kaa ule wali, hataki. Kusimama hawezi, kuchuchumaa hawezi. Akachukua mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia, akakandika."

"Akakandika ukuta upi?"

"Wote! Sisi juu, yeye chini. Anasogeza mbuzi yake, anakandika, anasogeza tena. Na ule mkono wake. Tulimtungia wimbo kwa ajili ya ule mkono, akatuimbia wimbo mwingine mbaya zaidi."

"Chini wapi, mama mdogo?" bibi aliuliza. Alikuwa ameshika ukingo wa kitanda. "Chini tumetazama."

"Chini, mtoto! Chini penye ardhi. Wewe tangu lini umekuwa kiziwi?"

Hakukuwa na zaidi. Tulimshukuru, tukamwachia tambuu iliyobaki, tukapanda basi la kurudi. Mimi nilikuwa nimekata tamaa. Fundi alikuwa amemenya kuta zote mpaka zilipokutana na sakafu, na viganja vya chini nilivitazama mwenyewe nikiwa nimepiga magoti. Vyote vilikuwa vya kulia. Nilianza kutafuta maneno ya kumfariji bibi, na nilikuwa nimegeuza uso dirishani aliponishika mkono kwa nguvu mpaka nikaumia.

"Dirisha," alisema.

Nilidhani anataka nifungue.

"Dirisha la chumbani kwangu. Nilipokuwa mdogo nilikuwa napandishwa kwenye kinu ili nichungulie. Sasa naegemeza kiwiko."

"Umekua, bibi."

"Nimekua hivi?" Alisimama ndani ya basi, huyo mtu mfupi, ili nimwone vizuri. Abiria wote walimwona. "Baba aliinua sakafu! Walipopandisha barabara maji yakawa yanaingia ndani, baba akamwaga kifusi chumba kizima, akapiga sakafu juu yake. Mama yuko chini ya sakafu."

Kituo chetu kilikuwa bado mbali kidogo, lakini alimwamuru dereva asimame, na dereva, sijui aliona nini usoni mwake, alisimama. Tulitembea njia iliyobaki, yeye mbele. Nilikuwa kijana na sikuweza kumfikia.

Tulipokunja kona niliona lundo la mchanga mbele ya nyumba, limeziba nusu ya mtaa, na watoto wameshalipanda. Ukuta wa chumba cha mbele cha kushoto ulikuwa umelala. Wasaidizi wa fundi walikuwa wanaingia chumba cha katikati na nyundo kubwa, na baada ya hicho kilikuwa chumba cha bibi. Mwanawe alikuwa amesimama kwenye baraza akielekeza. Alipomwona mama yake anakuja hivyo alidhani amefiwa.

"Simamisha," bibi alisema. "Chimbeni."

"Mama, tulikubaliana. Mchanga umefika."

"Tulikubaliana hamtavunja mpaka nimwone, au mchanga ufike. Sasa mchanga umefika na najua aliko. Chimba, baba yangu. Ukiniambia hapana nitachimba mwenyewe kwa mwiko."

Alimwita baba yangu. Mwanawe alichukua sururu yeye mwenyewe.

Sakafu ilipasuka kwa vipande vikubwa kando ya ukuta wa ndani. Chini yake kilikuwepo kifusi, kama alivyosema: vigae, vifuu, shingo ya mtungi, pekecho iliyovunjika, taka za watu ambao hakuna anayewajua. Walichimba mtaro mwembamba wa kina cha kufika magotini. Kadiri walivyoshuka ndivyo udongo ulivyokuwa na unyevu zaidi, na fundi alitikisa kichwa. Alisema unyevu ukiwa umekula hamna kitu. Nilimwona bibi anafumba macho. Nilisali, kwa Kichagga, kimoyomoyo, nikiomba kitu ambacho sikujua hata kinaitwaje: kwamba tope lisiwe limesahau.

Kisha sururu ikagusa ardhi ngumu, sakafu ya zamani ya udongo uliokanyagwa. Fundi akamwomba mtoto wa bibi apishe. Akaingia mtaroni, akapiga magoti, akaanza kubandua kifusi kilichogandamana na ukuta, kwa vidole, kisha kwa ufagio. Alikaa humo muda mrefu amewapa watu mgongo. Kisha akageuka. Alisogea pembeni tu, tuone.

Kidole gumba kilielekea kulia.

Kilikuwa kimoja, halafu chini yake kingine, halafu safu nzima. Vilikuwa vimepangika katika upinde, kuanzia chini kushoto, juu, mpaka chini kulia, umbali ambao mkono wa mtu aliyekaa unafika. Palipoishia upinde palikuwa na nafasi ndogo, kisha upinde mwingine ukaanza. Uliweza kumwona. Amekaa, amekandika mpaka mkono ulipokomea, amesogeza mbuzi yake, ameanza tena. Na katikati ya upinde wa pili na wa tatu kulikuwa na kiganja kimoja kilichozama kuliko vyote, mpaka kwenye kifundo cha mkono, vidole vimetanuka. Fundi alikitazama, akasema kwa sauti ndogo, "Hapa alijiinua."

Nilikuwa na mimba changa wakati ule, ambayo sikuwa nimemwambia mtu isipokuwa mume wangu. Niliuona ukuta ule umebeba uzito wa wawili, mmoja wao amesimama kando yangu na mvi zake. Sijawahi kuogopa kitu kizuri namna hiyo, si kanisani wala mahali pengine popote.

Tulimshusha bibi mtaroni, mwanawe upande mmoja, mimi upande mwingine. Alikaa kwenye ile ardhi ya zamani. Alipeleka mkono wa kushoto, akausimamisha kidogo mbele ya ukuta, kisha akauweka katika kile kiganja kilichozama. Gumba likaingia mahali pake. Lakini vidole havikuingia. Vilizidi.

"Mdogo," alisema. Aligeuka akatutazama, amechanganyikiwa. "Mkono wake mdogo kuliko wangu."

Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo, yeye mwenyewe kuliko wote. Maisha yake yote alikuwa amemtafuta mtu mzima.

"Kumbe alikuwa mtoto," alisema bibi. "Jamani. Kumbe alikuwa mtoto tu."

Mwanawe alikuwa analia waziwazi, mwanamume yule mzima wa malori. Alianza kusema haraka haraka kwamba ukuta huu hautavunjwa, kwamba watajenga kuuzunguka, au fundi akate kipande kile kwa msumeno, wakitie kwenye sanduku. Fundi alikuwa anaitikia, ndiyo, inawezekana, tujaribu.

Bibi aliwaacha wamalize.

"Ukikikata kitamomonyoka mikononi mwako," alisema. "Ukiuacha, masika yataulaza juu ya wajukuu zangu. Saruji yako inageuka jiwe hapo mbele. Nilitaka kumwona, nimemwona." Kisha akasema, "Nyamazeni kidogo."

Tukanyamaza. Wale wa mlangoni wakanyamaza, na hata watoto wa kwenye mchanga nje sikuwasikia tena. Bibi aliweka sawa mtandio wake kichwani, kama mtu anayeingia mbele ya mkubwa. Kiganja chake hakukitoa. Aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," alisema.

Nilikuwa nimemsikia akiamkia wazee na akiamkiwa na mtaa mzima, lakini maneno yale mawili pamoja hakuwa amewahi kuwa na mtu wa kumwambia. Alibaki ameinama, anasubiri, kama anavyosubiri mtoto yeyote aliyeamkia. Sisi sote tukasubiri naye, nyundo zimelala chini.

Hatimaye akanyoosha mkono ule ule, wa kushoto, nimvute nimtoe mtaroni. Ulikuwa na udongo wa baridi. Alijipangusa magoti, akamtazama mwanawe.

"Haya, baba," akasema. "Vunja."